Njahi Bila Mtoto

Maji ya kwanza ya njahi humwagwa. Ukipikiwa njahi na mtu ambaye hakumwaga yale maji ya kwanza, meusi na machungu kidogo, ujue mtu huyo hakulelewa na mama yangu. Leo asubuhi nimeyamwaga kwenye sinki ya nyumba yangu hapa Ruiru, na mvuke uliponipanda usoni nikasimama pale na sufuria mkononi, nimesahau nilichokuwa nikifanya. Ile harufu nzito ya udongo uliolowa ilinirudisha Murera, kijijini kwetu upande wa Thika, kwenye jiko letu la mabati, nikiwa msichana wa kidato cha pili mwenye miguu myembamba na hakika kubwa kwamba maisha yake yamekwisha.

Mama mwenyewe yuko chumba cha pili. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akaruhusiwa kutoka hospitali, nikamleta kwangu ili nimwangalie. Kidonda kinapona vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni sahani zinazorudi jikoni zikiwa zimejaa. Daktari amesema wazi kwamba asipokula hatapata nguvu, naye anasema ameshiba uji wa asubuhi, na uji wenyewe nimeukuta kwenye kikombe umefanya ngozi juu. Kwa hiyo jana jioni niliroweka njahi. Sikujua chakula kingine.

Wenzangu mliokulia upande wetu mnajua maana ya njahi. Ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe ubavuni, na huonekana kwenye harusi na kwenye posa, lakini kazi yake hasa ni kumlisha mwanamke aliyejifungua. Mtoto akizaliwa, wanawake wanakuja na njahi iliyopondwa na ndizi mbivu, na mzazi anakula mpaka analia. Ukipita nyumba ukasikia harufu ya njahi siku isiyo ya sherehe, huhitaji kuuliza, unaenda kununua sabuni ya mtoto. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na ndivyo alivyojua kila mtu Murera. Shida yangu yote ilianzia hapo.

Lakini nianze na mbio. Nilikuwa mkimbiaji, na sisemi hivyo kwa kujipamba. Asubuhi nilikuwa nashuka na barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inayopita katikati ya mibuni kabla jua halijatoka vizuri, nikisikia mbwa wa kila boma wakinipokezana, na nilipofika shuleni nilikuwa nimeshawapita vijana wa baiskeli. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Kariuki, alikuwa mtu wa kofia na filimbi, mcheshi, asiye na ubaya na mtu. Siku moja baada ya mazoezi alimwambia mwalimu mwenzake, nami nikiwa karibu nafunga kamba za viatu, "Unaona huyu Wambui? Ni mwepesi. Akizidi tu kuwa mwepesi hivi, hakuna mtu atamshika kwa hii Thika yote."

Yeye alisema akasahau. Mimi nililichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani nikalala nalo. Akizidi kuwa mwepesi. Hakuna aliyeniambia niache kula, nataka hilo lieleweke. Niliamua mwenyewe, kwa akili za miaka kumi na mitano, kwamba kila kijiko cha chakula ni jiwe ninalojifunga mguuni. Shuleni nilisema nitakula nyumbani, na nyumbani nikasema nimekula shuleni. Kwenye githeri ya mchana, ile ya mahindi na maharagwe, nilichagua mahindi machache nikawapa wengine iliyobaki, na chai nikainywa bila maziwa. Mazoezi nayo nikayaongeza. Jumamosi, wenzangu walipokuwa wakifua na kusukana nywele, mimi nilikuwa kwenye vilima nikipanda na kushuka.

Mwanzoni nilizidi kweli kuwa na kasi, na hilo ndilo lililoniponza. Halafu hedhi yangu, ambayo ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia na kunisumbua sana, ikapungua, ikaruka mwezi, ikakoma kabisa. Je, niliogopa? Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Niliwahi kuchafuka kwenye mashindano, nimevaa kaptura ya rangi ya maziwa, mbele ya shule nzima ya wavulana, na tangu siku ile nilikuwa naomba kitu hicho kiondoke. Basi kikaondoka. Nilidhani ndivyo inavyokuwa, kwamba msichana akifikia kiwango fulani cha mbio mwili unamwelewa na kumwondolea mizigo isiyo ya lazima. Niliichukulia kama zawadi ya wakimbiaji, na nikawasikitikia wasichana wengine ambao bado walikuwa wakibeba sweta za kujifunga kiunoni.

Mengine yaliyokuja nilikataa kuyaunganisha na hilo. Nilikuwa nasikia baridi Thika, ninyi mnaojua jua la Thika niambieni mtu anasikiaje baridi pale saa saba mchana. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilikuwa na hasira ya bure, mtu akinisalimu naona ananichokoza. Na mguu wa kushoto, mfupa wa mbele chini ya goti, ulianza kuniuma, kwanza nikikimbia, kisha nikitembea, kisha hata nikiwa nimelala. Nilifunga kitambaa nikaendelea, kwa sababu mashindano ya wilaya yalikuwa yanakaribia na Mwalimu Kariuki alikuwa ameniweka wa kwanza kwenye timu.

Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, kwa zamu. Alikuwa anarudi na nyuzi za pamba kwenye nywele, nami nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumtoa nyuzi hizo moja moja akiwa ameketi na miguu kwenye karai la maji moto. Mambo ya mwili hatukuyazungumza. Njia yake ilikuwa hii: kila mwisho wa mwezi, pamoja na sukari na mafuta ya kupikia, alinunua pakiti ya pedi mjini, akaiweka chini ya mto wangu bila neno. Nami niliikuta bila neno. Huo ndio ulikuwa mlango wetu wa mazungumzo, na wote wawili tuliufunga kwa adabu.

Sasa pakiti ziliendelea kuja na mimi sikuwa na haja nazo, kwa hiyo nikawa nazipanga ndani ya sanduku langu la bati, chini ya nguo. Siku moja Mama alikuwa anatafuta blanketi la ziada kwa sababu nililalamika baridi, akafungua sanduku hilo. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta ameketi kitandani mwangu, pakiti zimepangwa kando yake.

"Wambui, hizi ni za nini?"

"Ni zile wewe hununua, Mami."

"Najua ni mimi nilinunua. Nauliza kwa nini ziko hapa."

"Sijazihitaji."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue shule."

Alizihesabu pakiti kwa kidole. Nje Tata Wanjiru, dada yake mkubwa ambaye ploti yake ilipakana na yetu, alikuwa anawaita kuku wake kwa sauti ya kwaya.

"Kuna kijana?"

"Hakuna."

"Kuna mtu mkubwa? Mwalimu? Kuna mtu amekushika na unaogopa kusema?"

"Hakuna mtu, Mami. Hakuna kabisa."

"Niangalie."

Nilimwangalia. Alinitazama machoni, halafu akasimama, akarudisha pakiti kwenye sanduku vizuri, akafunga. "Sawa," akasema. "Jumatatu niko off. Tutaenda Thika kwa daktari."

Hiyo "sawa" ilinitesa siku zote hadi Jumatatu. Niliisikia kama sawa ya mtu ambaye hajaamini ila hana nguvu za kubishana. Hofu ya mashindano, hofu ya mguu, zote zikawa ndogo. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: mama yangu ananiamini au haniamini?

Daktari alikuwa mwanamke wa miwani, sauti ya chini, na kliniki yake ilikuwa juu ya duka la vipuri. Alinipima uzito, akauliza nilikula nini jana, nikaongopa kidogo, akauliza tena polepole, nikasema ukweli. Aliuliza nakimbia kiasi gani kwa wiki. Alipobonyeza ule mfupa wa mguu nusura nimpige teke. Kisha akanipa kikopo cha mkojo, nikaenda nikarudi nacho nimekifunika kwa mkono kwa aibu, na akaniambia nikakae kwenye benchi nje. Mama akabaki ndani. Nilikaa pale nikihesabu mbao za dari, nikisikia sauti ya daktari na ya Mama bila kusikia maneno. Mama alipotoka, uso wake ulikuwa umefungwa. Hakuniambia kitu ila, "Twende soko."

Na sokoni alinunua njahi.

Nataka mnione vile nilivyokuwa. Nimesimama kati ya magunia, mama yangu ameinama anachagua njahi kwa vidole, anapuliza makapi, anamwambia mwenye gunia amwongezee. Baada ya njahi akanunua ndizi mbivu. Niliona yote yakijipanga. Nilijua vizuri jinsi mimba inavyopatikana, mwalimu wa biolojia alituchorea ubao mzima, na nilijua sijafanya lolote. Lakini nilikuwa pia nimekulia Murera, na Murera njahi na ndizi mbivu ni kitu kimoja tu. Nikaamua kwamba kile kipimo kimekosea, kimesema ninayo, na mama yangu kati ya kikopo na mtoto wake ameamini kikopo.

Hatukuongea njiani. Tulipofika aliwasha moto, akachemsha, akamwaga maji ya kwanza nyuma ya jiko. Ile harufu haikuchukua muda kuvuka ua. Tata Wanjiru alitokea mlangoni akijifuta mikono kwa leso.

"Njahi?" akauliza. "Nani amezaa hapa?"

"Hakuna mtu amezaa."

"Kwani ni ya nani?"

"Ya Wambui," Mama akasema, bila kugeuka.

Tata aliniangalia tumboni. Akaweka mikono kichwani, akasema "Ngai," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaondoka kwenda kwake. Mimi nilitoka kupitia mlango wa nyuma nikaenda nikakaa chini ya tangi la maji, magoti kwenye kidevu, nikalia. Nilikuwa nalia kwa ajili ya "sawa" ile.

Mama alinifuata akiwa na sahani. Njahi ilikuwa imepondwa na ndizi, inatoa moshi, na kijiko kimesimama katikati.

"Kula."

"Sitaki."

"Wambui, kula. Sitarudia."

"Mami, mimi sina mimba."

Alisimama pale na sahani. "Nani amesema uko na mimba?"

"Njahi."

Aliangalia sahani, akaniangalia mimi. Halafu mama yangu, mtu wa zamu na wa kunyamaza, alicheka mpaka akatafuta mtungi wa plastiki wa maji akaukalia. Alicheka huku akipangusa macho, na mimi nikiwa bado nalia, mpaka hasira ikanipanda kwa sababu sikuona cha kuchekesha. Alipotulia alinivuta nikakaa karibu naye.

"Sikia," akasema. "Hiyo mkojo hata sikungoja waniambie. Nilimwambia daktari, pima kama ni kazi yako, lakini mimi mtoto wangu nimemuuliza na amenijibu. Tuendelee na hiyo ingine."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimependwa na watu, nimesifiwa kazini, lakini sijawahi kuambiwa kitu kilichonikalisha sawa kama hicho. Uso wake pale kliniki haukufungwa na mimi. Ulifungwa na woga, kwa sababu ile ingine ndiyo ilikuwa habari mbaya.

Akanieleza kwa lugha yake. Akaniwekea kidole kwenye paji la uso. "Daktari anasema hapa ndani kuna mahali panatuma habari chini, kwa mayai ya msichana. Hizo habari ndio homoni. Sasa kichwa chako kimeona chakula haiingii na mbio haziishi, kikasema hii nyumba haina kitu, tuzime zile zinaweza kungoja. Ni kama kwetu kiwandani stima ikipungua. Wanazima laini za kushona, boila wanaiacha. Wewe umezimwa laini, Wambui. Si ati umekuwa mwanariadha. Uko na njaa."

"Lakini sisikii njaa."

"Umeizoea. Na hiyo homoni imepotea ndio pia inashikilia mifupa. Huo mguu unakuuma kwa sababu mfupa umeanza kupasuka. Kidogo tu bado. Ukiendelea, utavunjika ukiwa unakimbia." Akaushika mguu wangu. "Nimeambiwa usikimbie mpaka uone siku zako tena. Na ule. Kila kitu, ugali, maziwa, nyama ikipatikana, asubuhi kabla hujatoka na jioni ukirudi. Zikikataa kurudi, tunaenda tena apime vitu vingine."

"Alisema njahi?"

"Alisema chakula," Mama akajibu, akijitetea kidogo. "Mwanamke akipoteza damu, sisi tunampikia njahi. Yako haikumwagika, imekataa kuja, lakini bado ni damu. Mimi sijui chakula kingine."

Nikala. Tata Wanjiru akaelezwa siku iyo hiyo, na aliaibika kiasi kwamba kuanzia kesho yake akawa analeta maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi, akigonga dirisha na kusema, "Hii ni ya mkimbiaji," hata wakati nilipokuwa sikimbii.

Kutokukimbia ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimwambia Mama maneno ambayo sitayarudia hapa, naye aliyasikiliza akiwa anachagua mchele. Keshoye alipita shuleni akitoka zamu, koti la kazi bado mwilini, nyuzi kichwani, akamtafuta Mwalimu Kariuki uwanjani. Nilikuwa karibu, na nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, hata mimi namhurumia," Mwalimu alisema baada ya kuelezwa. "Lakini kwa hii mashindano ni yeye tunategemea."

"Hata mimi namtegemea, Mwalimu. Na nitaendelea kumtegemea mashindano yakiisha."

Mwalimu alivua kofia. "Sikujua alikuwa hakuli."

"Hata mimi sikujua, na nalala naye nyumba moja," Mama akasema. "Tusilaumiane. Wewe uliza tu hao wengine kama wamekula."

Na aliuliza, sharti nimpe haki yake. Tangu siku hiyo mazoezi yalianza kwa uji na ndizi, na msichana aliyekuja na tumbo tupu alirudishwa kuketi. Mashindano nikayatazama nikiwa jukwaani, mguu umenyooshwa mbele yangu. Msichana mmoja mnene wa mapaja, ambaye mimi kwa ujinga wangu ningesema si wa mbio, aliwaacha wote akavuka mstari akicheka. Nilimtazama mpaka alipoketi akafungua kopo lake la chakula.

Kurudi hakukuwa kwa haraka. Tumbo lilikuwa limesahau kazi yake, nikila sana linauma, na kuna jioni niliisukuma sahani, Mama akaisogeza tena mbele yangu bila ugomvi. Hakuondoka kwenda zamu ya usiku kabla hajaketi nami tukala pamoja, hata kama ilimaanisha atembee haraka barabarani. Polepole baridi ikaisha. Nywele zikashika. Nikaanza kucheka tena, na sikuwa nimegundua kwamba nilikuwa nimeacha.

Hedhi ilirudi Jumapili moja mibuni ikiwa imechanua, uwanja wote unanukia, na sisi tunajiandaa kwenda kanisani. Nilimfuata Mama alipokuwa anapiga pasi leso yake nikamwambia masikioni, ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu. Aliweka pasi chini. Alienda mwenyewe kwenye lile sanduku la bati, akatoa pakiti, akaniwekea mkononi, si chini ya mto. Halafu akaketi kitandani na gauni lake la Jumapili akalia, akisema asante, asante, na sikuwa na haja ya kuuliza anamwambia nani. Tulichelewa ibada. Tata Wanjiru aligeuka kwenye kiti chake akanong'ona kwa nini tumechelewa, Mama akamjibu, "Stima imerudi."

Nilikimbia tena, nikiwa nimekula. Sikuwa bingwa wa Thika yote, nilishinda siku mbili tatu na kushindwa nyingi, na leo nakimbia asubuhi kando ya barabara hapa Ruiru kwa sababu napenda tu. Mifupa yangu inanibeba. Kama nizae au nisizae, lini, na nani, hayo niliyaamua mimi nikiwa mtu mzima. Hayakuamuliwa na njaa ya msichana aliyesikia neno moja akifunga viatu. Hayo yote nampa mwanamke aliyelala chumba cha pili, na nashukuru kwamba ningali na nafasi ya kumwambia akiwa hai.

Njahi zimeiva. Nimeziponda na ndizi mbivu, nimechanganya na viazi ziwe laini kwa tumbo lake, nikampelekea. Alikuwa ameegemea mto, leso kichwani, mvi zimetokeza pembeni. Nilimwekea sahani mapajani na kijiko nikakisimamisha katikati.

"Kula, Mami."

"Nimeshiba."

"Mami, kula. Sitarudia."

Aliitazama sahani kwa muda, akavuta harufu. Akaniangalia juu mpaka chini, uso umekaza, na nikaona kicheko kile cha mtungi kinaanza kwenye kona za macho kabla hakijafika mdomoni.

"Wambui," akasema, akichukua kijiko, "mimi sina mimba."